Bomba la Sabili na Mkataba Mpya

Duka ni letu, jina si letu. Baba alinieleza hivyo siku walipokuja kupaka kuta rangi ya buluu, nikiwa bado shule ya msingi, na mpaka leo sijapata maelezo yanayoyashinda hayo. Chumba tulikodi wenyewe. Kisima kilikuwa cha nyanya, mzaa mama, maji yake yana chumvi. Kampuni ikaleta mashine ya kuyachuja, ikatufundisha kazi, ikatuandikia jina lake ukutani, nasi tukawa tunalipa kila mwezi kwa kulitumia jina hilo. Wenyewe huuita mpango huo franchaizi. Baba aliuita kuolewa na kampuni, na mama akamuuliza ni ndoa gani hiyo ambayo bibi arusi ndiye mlipa mahari.

Tuko Kisauni, kwenye barabara inayokwenda Mwakirunge, na malori ya mawe yanapita mlangoni petu tangu alfajiri. Kando ya mlango, upande wa barabara, baba aliweka bomba dogo na kikombe cha bati kilichofungwa kwa mnyororo. Ni maji ya sabili. Anayepita anakunywa, halipi na haulizwi yeye ni nani. Baba alikuwa amefanya kibarua bandarini Kipevu miaka mingi, katikati ya makontena, na alisema jua la pale halimuumizi mtu kama kule kununua maji kwa pesa aliyoiweka ya nauli. Basi alipopata maji yake mwenyewe, kitu cha kwanza alichofanya ni kuyatoa.

Alifariki mwaka juzi. Tangu hapo bomba lile ni sadaka jaria yake. Sisi tunaamini kwamba sadaka ya namna hiyo, maadamu watu wanaendelea kufaidika nayo, thawabu zake humfikia maiti huko aliko. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka mama hukiosha kile kikombe. Sijapata kumwona mama akilia mbele ya watu. Ila kikombe hukiosha muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Mkataba ambao baba alitia sahihi ulikuwa wa miaka mitano, na mwaka huu ukafika mwisho. Sote nyumbani tulidhani kuuhuisha ni kama kulipia leseni ya biashara: unakwenda, unalipa, unapewa karatasi ileile yenye mwaka mpya. Mama alikuwa na hakika hata akamruhusu mjomba, ndugu yake, apake duka rangi upya. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, na kwetu Ramadhani haiikuti nyumba ikiwa chafu. Watu hupaka chokaa, hufua mapazia, husugua masufuria. Mjomba akanunua buluu ileile ya kampuni, akapaka kuta, mlango, akapaka na kibao, na rangi ilipobaki akapaka ndoo. Dada anayetusaidia dukani, Mgiriama wa Kaloleni mwenye ulimi usiopumzika, alimwambia aiache mashine, maana hata yeye mwenyewe alianza kuogopa kusimama pahali pamoja.

Rangi ilikuwa bado inanuka alipokuja afisa wa kampuni. Kijana wa bara, mpole, amefunga tai, jasho linamtiririka. Tulikuwa tunamjua, maana ndiye aliyekuwa akija kukagua mashine. Alitazama kuta, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona. Mimi kwa kuwa sisemi sana, huwa naona.

Mama alimkaribisha nyumbani nyuma ya duka, akamwekea mahamri na mbaazi. Kwa mama, mgeni hazungumzishwi kazi kikombe chake kikiwa na chai, na kikombe kikiwa kitupu hukijaza. Yule kijana alifungua laptopu yake, chai ikaja. Akaifunga, akanywa, akaifungua tena, chai ikaja. Mwishowe dada wa duka, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamnong'oneza akigeuze kikombe. Alikigeuza, na mama akasema, "Haya, mwanangu, sema lililokuleta." Kisha akaniita.

Nikaitika abee, nikaja nikakaa kwenye pembe ya mkeka. Kazi yangu ilikuwa kusoma kile Kiingereza. Mama alinambia nimsomee yeye, si mgeni, kwa maana mgeni anakijua.

Afisa hakuficha kitu, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alisema huu si mkataba wa zamani ulioongezwa miaka. Ule umekwisha. Aliokuja nao ni mkataba ambao kampuni inautumia sasa kwa kila mtu, na anayehuisha anaingia katika huo, na masharti yake ya sasa. Kuhuisha kwenyewe kuna ada yake. Zamani tulilipa kiasi kimoja kila mwezi, tuuze tusiuze. Sasa mashine itafungwa mita, na kampuni itachukua fungu lake katika kila lita inayotoka. Vichujio tutanunua kwao tu. Mpaka wetu, ambao zamani hakuna duka jingine la kampuni lingeweza kufunguliwa ndani yake, umefupishwa karibu nusu. Halafu akageuka akamtazama mjomba kwa huruma, akasema rangi ya kampuni siku hizi ni kijani na nyeupe.

Mjomba aliitazama mikono yake, iliyokuwa bado na buluu kwenye kucha.

"Utapaka tu, mjomba," dada wa duka akamwambia. "Ndoo nayo ipewe talaka."

Mama alicheka kidogo. Mpaka hapo alikuwa amevumilia vizuri. Aliuliza maswali ya mtu mzima: ada inalipwa mara moja au kwa awamu, mita ikiharibika nani atengeneze, mwezi wa mvua watu wasiponunua itakuwaje. La mvua ndilo lililompendeza, kwamba mwezi tusipouza sana tutalipa kidogo. Mimi nikaendelea kusoma, nikafika kifungu nilichotamani kukiruka. Nilikisoma mara mbili moyoni kabla ya kukitoa mdomoni. Kilisema maji yote yanayopita kwenye mita yatahesabiwa kuwa yameuzwa, na kwamba mwenye duka haruhusiwi kutoa maji bure pasipo idhini ya kampuni.

Nilimwambia mama hivyo kwa Kiswahili, sauti yangu ikawa ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Na bomba la nje?" akauliza.

Afisa alisema bomba la nje linatoka kwenye mashine. Kwa mkataba huu litafungwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akiutazama mkeka.

Mama akasema atafikiri, inshallah, akainuka kwenda jikoni. Sote tulijua hakuna alichokifuata huko.

Kwetu mgeni hatoki peke yake. Husindikizwa mpaka pahali ambapo akigeuka haioni tena nyumba. Siku ile, kwa kuwa mama hakurudi na mjomba alikuwa amekaa kama aliyefiwa, nikatumwa mimi. Kwangu hakuna adhabu inayolingana na kutembea na mtu nisiyemzoea, nikitafuta la kumwambia. Tulipofika nje kulikuwa na lori la mawe limesimama, na wapakiaji wake, weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, walikuwa wanapokezana kile kikombe. Afisa akasimama akawatazama. Wa mwisho alipomaliza alikisuza, akakijaza, akampa. Naye akanywa.

Akaniuliza ni nani aliyefikiria jambo lile.

"Baba," nikasema. Kisha, sijui kwa nini, nikaongeza, "Ni lake. Bado ni lake."

Tukaendelea mpaka kwenye duka la simiti. Hapo akaniambia kama mtu anayejisemea. Ada na fungu la kampuni asingeweza kuyagusa, hayo yanaamuliwa juu. Lakini mkataba kabla haujatiwa sahihi ni mazungumzo. Mama asiseme ndiyo na asiseme la. Aombe muda, aandike anachotaka kibadilishwe, yeye atakipeleka. Wengi hawaombi, alisema. Wanatia sahihi halafu wananung'unika miaka mitano. Na tusikubali ahadi yake yeye ya mdomo, hata akiwa amekula mahamri yetu, kwa sababu kesho anaweza kuhamishwa na mdomo wake ukaenda naye.

Nikamwambia asante. Nilitaka kusema zaidi ya hapo, ila basi.

Nikarudi nyumbani na maneno yale, nikakaa nayo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi mpaka niulizwe. Baada ya magharibi watu wazima wakakaa barazani kulizungumza jambo. Mjomba alikuwa amepata nguvu tena. Alisema mambo ni rahisi. Yeye anamjua fundi. Mita ikishafungwa, wanatoboa bomba kabla halijafika kwenye mita, wanavuta mpira chini ya sakafu mpaka bomba la nje, na kampuni haitajua hata siku moja. Alilieleza vizuri, kwa mikono, hata mimi nikauona ule mpira. Ningekuwa mwongo nikisema sikuufurahia.

Mama alimwacha akamaliza.

"Sadaka ya wizi haimfikii maiti," akasema. "Itamfikia mwizi."

Mjomba akasema si wizi, maji ni ya kisima cha mama yao, Mungu ndiye aliyeyatia. Mama akamjibu kwamba Mungu aliyatia na chumvi yake, kama anataka ya Mungu na ayatoe hayo. Dada wa duka, ambaye siku ile hakuwahi kuondoka kwenda kwake, alisema kwao Kaloleni maji hanyimwi hata mchawi. Unampa kwanza, ndipo unamfukuza. Kisha akasema yuko tayari kuja na madumu yake kutoka kwa jirani kila asubuhi, ajaze mtungi, uwekwe pale nje. Mama akamshika mkono. Alimwambia amempenda kwa hilo, lakini yale si maji ya jirani, ni ya mume wake.

Kisha akasema jambo lililonishtua. Alisema labda mkataba usihuishwe. Mashine irudi kwao, yeye arudie kuuza nguo sokoni Kongowea kama zamani, na kisima kibaki kisima.

Nikafikiria duka bila mashine. Nikafikiria ada yangu ya shule, kwa kuwa mimi si malaika. Nikafikiria kuwa bomba litakauka kwa vyovyote, kwa kutia sahihi au kwa kutotia. Nikasikia mtu anasema, "Alisema tuombe." Alikuwa ni mimi.

Wote wakanigeukia. Mjomba akauliza nani alisema, na lini, na kwa nini nimekaa nalo tangu mchana kama kuku anayeatamia. Nikayatoa yote, macho yangu chini, mpaka lile la mdomo kuhamishwa. Mama alisikiliza, akanivuta nikae karibu naye. Hakunigombeza. Alisema nami nina ya baba yangu, naye alikuwa hivyohivyo. Alipokuja kumposa yeye, baba alikaa kimya hata posa ikasemwa na watu wengine.

Kesho yake tukaandika. Yeye alisema, mimi nikaandika. Alianza na salamu: kwa wakubwa wa kampuni, kwa wake zao, kwa wazee wao, na kuwatakia afya. Nikamwambia wakubwa huko Nairobi hawasomi salamu. Akasema asiyesoma salamu hatasoma na ombi. Zikabaki. Kisha akaomba mawili tu. Nilimshauri aombe na ada, akakataa. Ukiomba kila kitu, alisema, mwenye kutoa anachagua kile usichokihitaji. Aliomba mpaka wetu urudishwe upande wa Mwakirunge, kwa sababu wateja wa malori ndio waliotulea. Na aliomba bomba la nje lisifungwe. Pale alipotaja bomba hakueleza sadaka jaria ni nini. Alisema tu, "Andika: mume wangu aliliweka, na watu wanakunywa." Nikaandika hivyo. Nilitafuta Kiingereza chake kirefu zaidi, sikukipata.

Jibu lilichukua muda. Ramadhani ikaingia, tukawa tunauza zaidi jioni, na kila lori lililosimama mchana na wapakiaji wakanywa pale nje, mama alitazama kana kwamba anahesabiwa. Sisi tumefunga, wao wanakunywa, na bomba halikufungwa hata siku moja. Baba ndivyo alivyotaka. Alisema mwezi huo ndio wenye malipo zaidi, kumpa maji mwenye kiu wewe mwenyewe una kiu.

Afisa alirudi siku moja alasiri. Safari hii hakukuwa na chai, naye akasema kwa utani kwamba leo kazi itakwisha mapema. Akatuonyesha karatasi ya nyongeza, ambayo ingeambatishwa kwenye mkataba na kutiwa sahihi pamoja nao. Ada imebaki ileile mpya. Fungu la kampuni limebaki. Mpaka umerudishwa, si wote, lakini hadi kwenye machimbo ya mawe. Na kuhusu bomba, kampuni imekubali. Itaruhusu tangi moja dogo kila siku lisihesabiwe, kwa sharti kwamba pale bombani pawekwe nembo ya kampuni. Kwenye karatasi yao wameyaita maji ya matangazo.

Nilisoma neno lile nikasita. Nikamtazama mama. Nilidhani atakataa, na sehemu yangu moja ilitaka akatae. Baba kuitwa tangazo.

Mama aliniambia nisome tena. Kisha akamuuliza afisa kama mpakiaji atalazimishwa kusoma nembo kabla ya kunywa. Akasema hapana. Akauliza kama atalipa. Hapana. Akauliza tangi likiisha kabla ya jua kutua, itakuwaje. Afisa akasema yanayozidi yatahesabiwa kama yameuzwa, fungu la kampuni litalipwa.

"Basi yanayozidi nitalipa mimi," mama akasema. "Nilikuwa nikimuonea wivu mume wangu. Sadaka yote yake, mimi muosha kikombe tu. Sasa nami nina yangu."

Mjomba akasema, na je, lile jina, matangazo? Mama akasema kampuni na iliite itakavyo. Aliyeandikiwa thawabu analijua jina lake. Akatia sahihi. Anaandika polepole, na siku ile aliandika jina lake lote, mpaka la babu, likapita nje ya mstari.

Jua lilipotua tukampa afisa tende ya kwanza, ijapokuwa yeye hakufunga. Alikula futari nasi, akapakuliwa viazi vya nazi mpaka akalegeza tai. Mama alimwambia akihamishwa aje kuaga. Nilimsindikiza tena, na mara hii nilimwambia asante nikaweza kuongeza kwamba mama amemuombea dua. Akasema ameisikia, maana ilikuwa na jina lake na ilikuwa ndefu.

Mjomba alipaka kijani kabla ya Idi. Alipaka huku akilalamika, na dada wa duka akimhimiza kwa kumwimbia kama wanavyowaimbia wapiga kasia. Kuna pahali nyuma ya mlango buluu bado inaonekana, alisema hakuiona. Vichujio vya kampuni ni ghali, mama hunung'unika kila akivinunua. Mwezi uliopita watu walinunua kidogo na fungu likawa dogo, hapo hakunung'unika. Ni ndoa mpya, anasema, na bado tunalipa mahari.

Juzi nilikuwa nimekaa dukani, dada ameenda uani. Lori likasimama. Mpakiaji mmoja, kijana wa rika langu hivi, akanywa, akakirudisha kikombe, akaitazama ile nembo mpya inayong'aa.

"Kampuni hii ina roho nzuri," akasema. "Nani amewapa wazo la kutoa maji?"

Kwa kawaida ningesubiri dada arudi.

"Babangu," nikasema.

"Ndiye meneja?"

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia ndiyo, na kwamba akinywa amkumbuke. Akasema sawa, akajaza kikombe cha pili.